Matete ya Kando ya Njia ya Kiboko

Mbeke hakuwahi kukubali bei ya kwanza. Iwe ya nyanya, ya kodi ya nyumba, hata ya mahari ya mpwa wake, mtu akishataja bei yeye alitazama kando kama aliyesikia mbwa wa jirani akibweka, kisha akasema, "Haya, sasa tuongee ukweli." Hivyo ndivyo alivyotoka kwenye sufuria ya mahindi ya kuchemsha pale kona ya Kitengela mpaka akawa mtu anayepigiwa simu na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kiangazi kikishika, kuanzia Kitengela mpaka Laiser Hill kule Rongai. Wengine waliuza nyasi kavu zilizofungwa kama matofali. Yeye aliuza majani mabichi, na ng'ombe anayekamuliwa, ukimwekea hivi viwili mbele yake, hafikirii mara mbili.

Wateja walimwita Mama Mwololo. Mwololo mwenyewe alikuwa Namanga, karani wa wakala wa forodha, na kila akipiga simu alimwambia mama yake aache kazi ya kuingia majini na wanyama. Mbeke alimjibu kwamba wanyama wa kule ndani alikuwa amewazoea kuliko madereva wa malori wa kule Namanga.

Majani yake yalitoka kwenye kinamasi kilichoko kusini ya mji wa Kajiado, mwendo wa saa mbili kwa lori, mahali ambapo maji ya chini ya ardhi yanachomoza ghafla katikati ya nchi iliyokauka kama ngozi. Wakataji walipaita Swampu, basi. Pembeni kuna ndago, ndani kuna matete yanayompita mtu urefu, ndani zaidi kuna mafunjo, na katikati kabisa kuna bwawa lenye nyasi zinazoota chini ya maji na kulala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Viboko kumi na mmoja waliishi humo.

Mbeke aliwachunguza viboko hao kama alivyochunguza wateja. Aligundua kwamba kiboko hali sana majini. Anakaa humo mchana kwa sababu ngozi yake haivumilii jua, jioni anatoka kwenda kulisha uwandani, na kabla jua halijapanda anarudi. Kwenda na kurudi anatumia njia ileile moja, aliyoichimba kwa miguu yake mpaka ikawa mfereji. Dume ndilo linalotia alama. Linageuza makalio, linatikisa mkia kama pangaboi, na mavi yanatapakaa juu ya matete ya pande zote mbili. Wanaofuata nyuma wanasoma kwa pua, huku na huku, mpaka majini. Mifereji hiyo ndiyo inayotembeza maji mpaka ukingoni na kuyafanya matete yachipue laini. Mbeke aliwahi kuona kinamasi kingine ambako viboko walihama. Njia zikaziba, maji yakalala, na matete yakazeeka yakawa miti. Hata mbuzi hakuyagusa.

Hayo yote aliyajua. Ndiyo maana alichokifanya siku ile hakikuwa cha kutojua.

*

Miaka kumi na minne nyuma alifika Swampu kwa mara ya kwanza na pikapu ya kukodi na panga jipya. Ukingoni alimkuta mwanamke wa Kimaasai aliyemzidi umri, shuka nyekundu, ugoro mkononi, akikata matete ya kuezekea zizi la ndama.

"Takwenya," mwanamke akasema.

"Iko," Mbeke akajibu, maana alikuwa ameuliza njiani salamu ya kina mama inajibiwaje.

Mwanamke akacheka. "Mkamba amefunzwa. Unataka nini?"

Jina lake lilikuwa Kakenya. Ukoo wa mumewe ulikuwa na sauti kwenye kamati ya ardhi ile, na mtu wa nje hakukata hata jani moja bila kupitia kwa mtu kama yeye. Akatoa masharti yake papo hapo: afungue mlango yeye, Mbeke alete soko, kazi wafanye pamoja, wagawane nusu kwa nusu. Mbeke akatazama kando. Walibishana mpaka jua likawa utosini, na mwishowe ile nusu ya Kakenya ikawa thuluthi.

Lakini lilikuwapo sharti la pili.

"Hapa utakata, na hapa utakata, na kule," Kakenya alisema akionyesha kwa panga. "Lakini hii ya kando ya njia ya olmakau, huyo kiboko, hapana. Hatua tatu huku, hatua tatu huku. Hiyo ni ukuta yake."

"Hatua mbili," Mbeke alisema.

"Ongea na yeye mwenyewe. Mimi sina ruhusa ya kupunguza."

Mbeke akaongea, akabembeleza, akakasirika, akafanya kama anaondoka. Hatua tatu zikabaki tatu. Tangu siku hiyo walikata pamoja, na kwa miaka yote hiyo waliketi wakifanya kazi hatua chache kutoka kwenye njia, wakimsikia mnyama wa zaidi ya tani nzima akipita upande wa pili wa matete, akipumua kama pampu ya gurudumu, na hakuna hata mara moja aliyeuvuka ukuta wake.

*

Mwaka huu mvua ilikosa msimu wa tatu mfululizo. Matete ya wakataji yaliisha. Mbugua, mfugaji wa Kitengela mwenye ng'ombe ishirini na wawili, alipiga simu akasema anataka lori lililojaa, la sivyo anatafuta mtu mwingine. Kakenya hakuwepo. Alikuwa ameenda mjini Kajiado kutibiwa goti, na alisema angelala kwa bintiye.

Mbeke alisimama mdomoni mwa njia na kuutazama ukuta. Mbichi, mnene, umeshiba maji ya mfereji. Alipiga hesabu kama alivyozoea. Mvua iko karibu. Mnyama amepita hapa maisha yake yote, hawezi kupasahau usiku mmoja. Na yeye atakata upande mmoja tu, wa kushoto, na hatua thelathini tu, kuanzia mdomoni.

Alikata mchana kutwa. Matete mengine yalikuwa yamepakwa mavi ya dume, makavu juu ya mabichi. Ng'ombe hagusi kitu hicho hata akiwa na njaa ya kufa, kwa hiyo hayo aliyatupa kando, rundo moja kubwa. Yaliyo safi aliyafunga miganda akaipanga palepale kwenye mashina, tayari kwa lori. Kisha akaenda kulala kwenye nyumba ya wageni pale sokoni, na alilala vizuri.

Jambo moja hakulipa uzito. Njia ile haikwenda bwawani moja kwa moja. Ilikunja kama kiwiko, na upande wa kushoto ndio uliokuwa ndani ya kiwiko. Ukuta ukiondoka hapo, kutoka uwandani hadi majini kunabaki njia ya mkato.

*

Lori lilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, likiwa limempitia Mbeke pale sokoni. Aliyeliendesha ni Elphas, kijana wa Kakamega aliyekuwa akipanga chumba Gataka, mwenye maneno machache na yote ya mzaha. Mbugua mwenyewe alikuwa amekaa kando yake, kwa sababu hakumwamini mtu yeyote kuhesabu miganda.

Elphas alizima injini kabla hawajafika kwenye miganda.

"Mathe," akasema taratibu. "Ile ni jiwe ama ni nani?"

Haikuwa jiwe. Uwandani, hatua kama sabini kutoka kwenye mdomo wa njia, alisimama kiboko jike, na chini ya tumbo lake alisimama ndama asiyezidi ukubwa wa nguruwe. Jike mwenye ndama mchanga hutembea peke yake, mbali na wenzake, na kwa ukame ule alikuwa ameenda mbali sana kutafuta nyasi. Amechelewa. Wengine walikuwa wamekwisharudi. Sauti ya dume ilisikika kule bwawani, ule mkoromo unaofanana na kicheko cha mtu mnene.

Jike alipiga hatua kuelekea mdomoni, akasimama. Akainua pua, kulia, kushoto. Akarudi nyuma. Akaja tena.

"Anasubiri nini?" Mbugua akauliza. "Si aingie tu, nyumba si ni yake?"

Mbeke alijua anachosubiri. Upande wa kulia kulikuwa na ukuta na harufu. Upande wa kushoto kulikuwa na mashina na hewa.

Hapo ndipo alipoiona shuka nyekundu.

Ilikuwa ndani ya kiwiko, kwenye kichaka cha mafunjo kilicho kando ya bwawa, pale pale Kakenya alipozoea kuketi akikata. Mbeke alidhani macho yanamdanganya. Kisha shuka ikasogea, polepole, ikashuka chini kama mtu anayejikunja. Kakenya hakulala kwa bintiye. Alirudi jana jioni, akaingia alfajiri kutoka upande wa boma lake, akipita kwenye maji ya magoti nyuma ya bwawa. Kutoka upande ule mdomo wa njia hauonekani. Aliketi akijua kuna ukuta mbele yake.

Sasa nyuma yake dume lilikuwa limelala kwenye maji yaleyale aliyopitia. Mbele yake hakukuwa na kitu, ila mashina, na ng'ambo ya mashina, jike mwenye ndama, ambaye akishindwa kusoma njia angekata kiwiko moja kwa moja kwenda majini. Njia hiyo ya mkato ilipita juu ya kichaka cha mafunjo.

"Kakenya yuko pale," Mbeke alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba mpaka Elphas akamgeukia.

"Wapi?"

"Pale. Nyekundu."

Mbugua akaona naye. "Ngai! Piga honi, Elphas. Atoroke huyo mnyama."

Mbeke aliudaka mkono wa Elphas juu ya usukani. "Ukipiga honi ataogopa, na kiboko akiogopa anakimbilia maji. Unaona maji yako wapi? Unaona nani yuko katikati?"

"Basi nimpigie simu huyo mama atoke," Mbugua akasema akitoa simu yake.

"Mzee, hiyo simu ya Kakenya italia kwaya nzima ya kanisa, na ngoma. Weka yako mfukoni."

Mbugua akaiweka mfukoni kama mtu aliyeshikwa akiiba.

"Tuite askari wa wanyama," Elphas akasema.

"Watafika saa nne. Angalia jua."

Jua lilikuwa limeshapasua. Mwanga wake ulifika mgongoni mwa jike, na mgongo ulianza kutoa yale majimaji mekundu, kama jasho lililochanganyika na damu, ambayo kiboko huyatoa ngozi ikikauka. Ndama akalala chini. Jike akafungua kinywa, wazi kabisa, akakaa hivyo.

"Ana usingizi," Mbugua akanong'ona. "Ona miayo."

"Hapigi miayo. Anatuonyesha meno."

*

Mtu ambaye ameishi kwa kupatana bei ana jambo moja analolijua kuliko wengine: kila upande unataka kitu, na ukishajua anachotaka mwenzako, nusu ya kazi imekwisha. Jike yule hakutaka Kakenya. Hakutaka lori wala Mbugua. Alitaka ukuta wake na harufu yake, akaingie majini.

Mbeke akateremka kwenye lori. Upepo ulimpiga usoni, ukitoka kwa mnyama kuja kwao. Hilo lilikuwa zuri.

"Elphas, vua viatu. Mzee, wewe pia."

"Mimi?"

"Mzigo ni wa nani?"

"Ni wangu, lakini sijalipa kufa."

"Basi shuka. Tunausimamisha."

Akawaeleza kwa maneno machache. Miganda ilikuwa palepale kwenye mashina. Wataichukua mmojammoja, wataisimamisha kwenye mstari uleule ukuta ulipokuwa, miwili miwili, ikiegemeana vichwa kama mabua ya mahindi yaliyokatwa shambani. Waanzie ndani, kwenye kona ya kiwiko, waje nje. Bila kukimbia. Bila kuongea. Akisimama Mbeke, wote wasimame.

"Na akija?" Elphas akauliza.

"Akija, huna haja ya kuniuliza."

Walianza. Mganda wa matete mabichi si mwepesi. Unabeba maji ndani yake kama mtoto aliyelala. Mbeke aliubeba wa kwanza kifuani, akausimamisha, akauegemeza mwingine. Kila jani lilipogusa jani lilitoa sauti ambayo siku nyingine asingeisikia. Wa tatu. Wa nne. Yangeyange, wale ndege weupe waliozoea kufuata miguu ya kiboko, walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama, hawajui waende wapi.

Mganda wa kumi. Jike akapiga hatua kumi mbele, akasimama. Mbeke akasimama. Elphas akasimama na mganda kifuani, na jasho likamtiririka mpaka kidevuni wala hakulipangusa. Mbugua, mtu wa kilo mia na kitu, alikuwa ameinama katikati ya kuweka mganda chini na akabaki ameinama, matako juu, kama aliyepigwa picha.

Jike akanusa. Akageuza kichwa kumtazama ndama. Wakaendelea.

Hatua kumi na tano za ukuta. Hatua ishirini. Kutoka pale Mbeke aliweza kuuona uso wa Kakenya katikati ya mafunjo, hatua kumi na mbili tu kutoka kwenye mstari. Kakenya hakuwa anamtazama mnyama. Alikuwa anatazama mashina. Akayatazama tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akainua macho na kumtazama Mbeke, na Mbeke akatamani amtazame kiboko badala yake.

Miganda ilifika hatua tatu kabla ya mdomo, na hapo jike alikuwa hatua arobaini. Elphas akatikisa kichwa: mimi basi. Mbeke hakumlaumu. Akaiweka miganda miwili ya mwisho peke yake. Halafu akarudi kwenye rundo la matete aliyoyatupa jana, yale ya mavi.

Ukuta bila harufu ni majani tu. Akakumbatia kadiri alivyoweza, mavi kwa kifua, mavi kwa shingo, akaenda nayo akiyaegemeza juu ya miganda, hapa kidogo, pale kidogo, akianzia ndani. Alirudi mara tano. Mara ya sita alikuwa mdomoni kabisa, na jike alikuwa hatua ishirini na tano, na upepo ukatulia.

Upepo ukitulia, harufu haina pa kwenda. Mbeke aliyaweka matete yake chini, akalala nyuma ya mganda wa kwanza, shavu kwenye tope. Alinuka kama dume lenyewe. Labda hilo ndilo lililomwokoa.

Alisikia miguu. Haikuwa mizito kama mtu anavyofikiri. Ilikuwa laini, ya kunyonya, kama mtu anayetoa mguu kwenye buti lenye maji. Ikasimama. Akasikia pumzi ikivutwa, ndefu, juu ya mganda uleule aliolala nyuma yake. Majani yakatikisika. Kimya. Kisha miguu ikaingia njiani.

Jike alikwenda akinusa kulia, akinusa kushoto. Mbeke aliinua kichwa kiasi cha kidole kimoja na kuangalia katikati ya miganda. Hatua tano. Hatua kumi. Ukuta ulisimama. Mnyama huyu, ambaye angeweza kuupitia kama mtu anayepita kwenye pazia, aliuheshimu kwa sababu ulinuka kama ukuta.

Ndama ndiye aliyeharibu. Alipofika sambamba na kichaka cha mafunjo alisimama, akageukia miganda, akavuta jani moja. Lilikuwa tamu. Akavuta lingine. Mganda ukayumba, ukaanguka upande wa mashina, ukamwangusha mwenzake, na pengo likafunguka upana wa mlango. Ndama akapita mlangoni, akasimama kwenye mashina, hatua nane kutoka kwa Kakenya, anatafuna.

Mama yake akageuka.

Hakuna mtu kati ya wanne wale aliyepumua. Mtu akiwa kati ya kiboko na maji ana bahati mbaya. Akiwa kati ya kiboko na ndama wake hana bahati kabisa. Jike aliingiza kichwa kwenye pengo. Masikio yake yalizunguka. Kakenya alikuwa amejikunja kama mzigo wa nguo, na shuka yake nyekundu ilikuwa imezama kwenye tope aliloipaka kwa mkono wake mwenyewe, kidogo kidogo, wakati wenzake wanajenga.

Kule bwawani dume likakoroma. Ule mkoromo wa kicheko, mrefu, na wengine wakaupokea. Ndama akashtuka, jani likamwanguka mdomoni, akageuka na kukimbia chini ya shingo ya mama yake, akarudi njiani. Jike akakaa na kichwa chake pengoni muda ambao Mbeke baadaye aliapa ulikuwa nusu saa, na Elphas akasema haukufika dakika. Kisha kichwa kikarudi nyuma. Miguu ikaenda. Maji yakafunguka na kufunga.

Kakenya hakuinuka. Alingoja mpaka yangeyange wakarudi kutua kando ya njia, mmoja, wa pili, wa tatu. Hapo ndipo alipojivuta, akapita kwenye pengo, akaja akichechemea goti lake, tope tupu kuanzia kichwani.

*

Alisimama mdomoni, akachutama, akagusa shina moja kwa kidole. Lilikuwa bado na utomvu.

"Nani alikata?"

Mbugua alitazama lori. Elphas alitazama vidole vyake vya miguu.

"Ni mimi," Mbeke akasema.

"Jana?"

"Jana."

"Nilidhani ni wezi. Nilikuwa naomba Mungu iwe ni wezi." Akatema. Kisha akamtazama Mbeke kuanzia juu mpaka chini, mavi kwa nywele, mavi kwa kifua. "Sasa unanuka kama bwana yake olmakau. Hata yeye alikuogopa."

Elphas akacheka bila kutaka. Kakenya hakucheka.

"Sikiza, Mama Mwololo. Huu ukuta umejenga utakaa hapa. Mganda hata moja haitoki mpaka matete imee, ikuwe hatua tatu. Ikikauka, unaleta ingine."

"Ati nini?" Mbugua akaruka. "Huo ni mzigo wangu! Ng'ombe zangu watakula hewa?"

"Utachukua iliyobaki kwenye mashina," Mbeke akamwambia. "Inatosha nusu ya lori."

"Nusu! Tulipatana lori nzima!"

"Tulipatana majani. Hatukupatana maiti. Ukitaka hiyo iliyosimama, nenda uitoe mwenyewe, na ufanye haraka, ndama ameipenda."

Mbugua akautazama ukuta, akayatazama maji ambayo yalikuwa yametulia mno, akaanza kupakia iliyobaki bila kuomba msaada.

Kakenya alikuwa bado amesimama. Alikuwa anangoja. Alikuwa amekaa na mwanamke huyu miaka kumi na minne na alijua kinachofuata: atatazama kando, atasema haya, sasa tuongee ukweli, aseme mganda mmoja kwa miwili, au hatua mbili na nusu.

"Sawa," Mbeke akasema.

"Umesema nini?"

"Nimesema sawa. Ikae."

Kakenya akamkazia macho, kama muuzaji anayepewa noti na kuishika juani. Kisha, kwa kuwa naye hakuwa mtu wa kuacha mlango wazi bila kuingia, akasema, "Na ile nusu yangu uliyoikata ikawa thuluthi, siku ile ya kwanza. Inarudi leo."

Mbeke alifungua mdomo. Kichwa chake kilikuwa kimeshageuka nusu kwenda pembeni, kwa mazoea. Kule alikogeukia kulikuwa na pengo, upana wa mlango, na kwenye tope la pengo alama ya kidevu, pana kama karai, na hatua kumi na mbili kutoka hapo mafunjo yaliyolazwa kwa umbo la mtu aliyejikunja.

Akafunga mdomo.

"Nusu," akasema.

Halafu akamwomba Elphas kamba ya katani kutoka kwenye lori, na panga la kuchongea vigingi, wakaenda wote wawili kuisimamisha ile miganda miwili iliyoanguka na kuifunga isianguke tena. Kakenya alishika vigingi, Mbeke akavigongelea kwa jiwe, taratibu, akisimama kila mara kusikiliza maji.